Majani Tisa

Jeki imeinua difu, matairi ya nyuma yananing'inia,
na Fundi Ruwa, chali juu ya katoni ya sabuni,
anahesabu kwa ncha ya spana: moja, mbili, tatu.
Anafika tisa. Ananyamaza.
Anajisogeza upande wa pili, anahesabu tena.
"Gari hili," asema, "lilitoka kiwandani na majani manne."

Majani, ndivyo wayaitavyo hapa Magongo,
ingawa sijauona mti
unaoota chuma kirefu kilichopinda,
jani la chini fupi kuliko lililolilalia,
yote yamefungwa tumbo kwa bolti moja.

Dati ya bluu, elfu moja mia mbili, ya mwaka sabini na mbili.
Marehemu baba aliing'oa kiti cha nyuma,
akapakia halua, na masufuria ya shaba mazito kama maiti:
arusi ya Mariakani, arusi ya Vanga,
na kila akishuka feri pale Likoni
ekzosi ilikwaruza ngazi ya chuma
kwa mlio uliomfanya akunje uso kama aliyeng'olewa jino.
Kila msimu wa mikwaruzo akaongeza jani.

La tano, la Pijo pikapu.
La sita alilikata kwa msumeno, siku nzima,
kutoka lori la Bedifodi lililofia Kibarani.
La saba na la nane alikopa, na deni
tulililipa sisi, baada ya hitima.
La tisa hakuna ajuaye.

Siku hizi gari hubeba mimi, kilo hamsini na nane,
na mfuko wa madaftari ya darasa la sita.
Mkia umenyanyuka kama wa kuku aliyeshtuliwa.
Kila tuta la Kisauni hunirusha kichwa kikagonga dari.
Nikadhani chuma kimechoka.
Nilikuja na pesa za springi mpya, nimezifunga kwenye leso.

Ruwa akacheka uvunguni.
"Hazijachoka, mwalimu. Zimezoea mzigo.
Mzigo wenyewe umeondoka, hazina habari."

Dizeli juu ya kutu. Yubolti ya kwanza ikalia,
ya pili ikakatika, ya tatu ikasubiri chai.
Akayabana majani kwa klempu kabla ya kugusa bolti ya kati:
"Sogea. Haya yakifunguka hayaombi radhi."
Yakafunguka polepole, moja likimwachia jingine,
na baina ya la sita na la saba palikuwa na kitu cheusi, kinanata.
Akakichokoa kwa ukucha, akanusa.
"Hii si grisi."

Iliki. Sukari iliyoungua. Samli
iliyovuja sakafuni miaka mingapi, sijui,
ikayapaka majani yale mafuta yasiyouzwa petroli stesheni.

Tukabishana. Mimi nilitaka yabaki manne ya kiwandani.
Yeye akasema matano: "Utabeba mtu siku moja."
Tukajaribu manne, gari likakaa chini kama linaloomba msamaha.
Tukajaribu sita, likaruka.
Matano, bushi mpya, shokomzoba mpya,
na baina ya tairi na madigadi
shibiri moja na vidole viwili, kwa mkono wa Ruwa,
ambao si mdogo.

Manne yaliyotoka nikarudi nayo kwenye buti,
yakipiga kelele hadi Majengo.
Mama, Bi Thureya, akayatoa moja moja, akayapima kwa jicho,
akachagua fupi.
"Hili nipa mimi. Mbuzi yangu haina meno mwaka wa tatu."
Mhunzi wa Mwembe Tayari akalichonga mchana ule ule,
na jioni tukala wali wa nazi
uliokunwa kwa jani ambalo hakuna ajuaye lilikotoka.

Ijumaa nilimrudishia mama kiti cha nyuma, tukavuka Likoni.
Kwenye ngazi ya feri nikapunguza, nikatega sikio.
Ekzosi iligusa chuma kidogo tu,
kama mtu anayekohoa nje ya mlango
kabla hajapiga hodi.
"Hebu endesha," mama akasema, "watu wanapiga honi."