Tarakimu Sita

Dukani kwangu Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi,
watu huniletea simu zilizopasuka
na roho zao zimo ndani.
"Shika, fundi. Namba ya siri ni moja, mara sita."
Wanaiacha kaunta, wanakwenda kunywa karaki.
Jina langu hawalijui.
Nyumbani mlango wameutia kufuli mbili,
dhahabu ya mke imo sandukuni, sanduku limo kabatini,
na mimi wananikabidhi picha, madeni,
na alichosema daktari juzi.

Mimi sitazami.
Lakini ningetazama, nani angejua?

Bi Ghaniya alikuja kutoka Seeb mwezi wa Juni,
joto la kulainisha lami,
na Kiswahili cha Unguja ambacho siku hizi
hata Unguja hukisikii.
"Mwanangu, simu yangu imeliwa."
"Imevunjika?"
"Nimekwambia imeliwa."

Mtu alimpigia, sauti ya adabu,
akamuulizia hali mpaka ya wajukuu.
Yeye ni wa benki, alisema, kadi itafungwa kabla ya adhuhuri.
"Itakuja meseji yenye tarakimu, mama, nisomee tu."
Akavaa miwani, akamsomea
polepole, moja moja,
asije kijana wa watu akakosea
akafukuzwa kazi.

Riali mia tatu na arobaini.
Alizitenga za meno.

"Benki haiombi," nikamwambia. "Namba benki inazo.
Anayeomba ni asiye nazo."
Akakunja ncha ya mtandio, akaikunjua.
"Sisi tulifunzwa, mtu akikwita, uitike."

Nikamwomba aifungue simu.
Akaitaja namba kwa sauti, mbele ya anayengoja chaja,
mbele ya mtoto aliyeleta tableti:
"Moja, mbili, sifuri, moja, sita, nne."

Nikaweka bisibisi chini.

Mama yangu ana hiyo.
Mjomba Mbarouk wa Ibra ana hiyo.
Nimeibonyeza kwa vidole hivi
kwenye simu ya mwalimu mstaafu, ya muuza halua,
ya mjane mmoja wa Al Khuwair asiyependa kuzungumza.
Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kwanza, mwaka wa sitini na nne.
Wazee wangapi wamejifungia humo,
pamoja na chungu kilichobaki jikoni
na ufunguo uliobaki mlangoni?
Hawakushauriana.
Kila mmoja alidhani ni yake peke yake.

"Bibi, hii si siri."
"Siwezi kuisahau."
"Ndiyo hivyo. Na mwizi anajua kwamba huwezi."

Nikamwambia: siku ya kuzaliwa usiweke,
ya mjukuu pia, keki yake umeirusha wasapu, na mishumaa tumeihesabu.
Tafuta namba isiyo na mtu.

Akacheka, cheko la kwanza tangu aingie.
"Isiyo na mtu! Kwa umri huu, baba,
namba zangu zote zina watu."

Akafikiri. Kiyoyozi kikazima, kikawaka tena.
Halafu midomo yake ikaanza kuhesabu kitu,
ngazi labda, au hatua, au vifungo vya kanzu ya mtu,
sijui,
na uso ukawa wa mtoto aliyejificha
akisikia wenzake wakimtafuta chumba cha pili.
"Ipo," akasema. "Hii hata marehemu sikumwambia."
Na papo hapo akafungua mdomo anitajie!

"La, Bibi! Hata mimi. Hasa mimi."

Akanitazama kama mtu mgeni,
fundi tu, mtoto wa nani sijui.
Sijapata kutazamwa vile nikafurahi.

Nikamgeuzia mgongo,
nikaisoma kalenda ya duka la matairi,
mwezi mzima, Ijumaa zote nne.
Nyuma yangu ukucha wenye hina ukagonga kioo,
ukatulia,
ukagonga,
mpaka sita.