Mstari Chini ya Simu ya Pili

Walibisha saa nane usiku, mtaa wa Oli, hapa Arua,
kwa kitako cha bunduki na kwa Kiswahili:
Fungua! Toka nje! Kaa chini!
Lugha hii ilifika kwetu imevaa buti.
Bibi yangu hakuipenda mpaka anakufa.
Lakini mimi nimeilea sokoni,
nimeuza nayo sare za shule, nimedai nayo madeni,
basi nikawajibu humo humo:
"Afande, karibu. Hati ya upekuzi iko wapi?"

"Mama, tunatafuta simu za wizi, hatutafuti karatasi."

"Basi mwiteni mwenyekiti wa mtaa.
Na mikono yenu niione kwanza,
niione ikiingia mitupu."

Mwenyekiti Onzima alikuja na fulana kinyume, akipiga miayo.
Wakapindua godoro. Wakamwaga mkebe wangu wa vifungo,
mia tatu na ushei, vikakimbilia chini ya cherehani.
Ezaruku, mdogo wangu, fundi wa simu,
alisimama na kaptula tu, mikono kichwani,
kama mtu anayepimwa suti asiyoiagiza.

Orodha ikaandikwa: bisibisi, chaja,
simu mbovu moja, simu mbovu ya pili.
Chini yake mistari minane mitupu.
"Tia sahihi hapa."

Mimi nashona. Kitambaa kisichopimwa sikikati.
Nilichukua kalamu yake mwenyewe,
nikavuta mstari chini ya simu ya pili,
nikaushusha kwa mshazari mpaka mwisho wa ukurasa,
ndipo nikaandika: Ayikoru.
Kisha nikadai nakala.

Kituoni kuna bango ukutani: BONDI NI BURE.
Chini ya bango hilo, kwa sauti ya chini,
nikaombwa elfu hamsini ya mafuta ya gari.
Nililisoma bango silabi kwa silabi,
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Wa kaunta akatazama viatu vyake.
Bondi sikupewa.

Nikakaa kwenye benchi na utepe wangu wa kupimia,
sentimita moja, saa moja,
nikisogeza pini.
Katiba inasema arobaini na nane.
Pini ilifika arobaini na nane,
ikapita,
ikaendelea hadi sitini na moja.

Huko ndani aliulizwa kwa Kiingereza,
akaandikiwa kwa Kiingereza,
akasogezewa wino wa dole gumba.
Akasema: nisomeeni kwa Kilugbara.
Hakukuwa na wa kusoma.
Akafunga mdomo.
Wakamwambia, asiye na kosa ananyamazia nini?
Sikuwahi kujua kwamba kunyamaza nako ni mali,
na kwamba mtu anaweza kuvunjiwa mlango
ili aporwe hiyo.
Nyayo zake sitazieleza hapa.

Mahakamani mwendesha mashtaka aliinua mfuko wa plastiki:
"Mheshimiwa, simu tatu."
Mkalimani akageuza kwa Kilugbara, tatu,
na Ezaruku akanitafuta kwa macho.

Nilisimama kabla ya kuambiwa nisimame.
Hakimu, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi,
aliipokea nakala yangu, akaielekeza dirishani kwenye mwanga.
"Ya tatu iliandikwa wapi?"
Kimya. Safari hii hakikuwa chetu.
"Na mstari huu, nani kauchora?"
"Mimi."
"Kwa nini?"
Nilikuwa na jibu refu, nililipanga siku tatu kwenye benchi.
Likanitoroka lote. Nikasema:
"Mali bila daftari..."
na watu wa nyuma wakanimalizia.

Kesi iliahirishwa. Mara ya nne sasa.
Ezaruku yuko nje kwa dhamana,
anakanyaga kwa ncha za vidole.
Nami bado naokota vifungo chini ya cherehani.
Vyeupe vinne sijaviona.