Neno Nililolisahihisha

Mwenyekiti Ndahani alisimama mlangoni,
kofia mkononi, akatamka polepole:
"Andika. Morali ya wakulima wa Mpunguzi imeshuka sana."
Nikaandika.
Kisha nikabaki peke yangu na lile neno,
nikaliona lina matope ya lugha ya watu,
na mimi nina cheti cha ukarani.
Nikalifuta, nikaweka maadili.
Likapendeza. Nikagonga muhuri.

Barua ikaenda Dodoma mjini:
kilometa chache, miezi mitatu.
Misimu miwili kiwanda hakijalipa zabibu zetu.
Hiyo ilikuwa aya ya pili;
nadhani hakuna aliyefika huko.

Hawakutuletea hundi. Walituletea mwezeshaji,
Bwana Lwitiko, viatu vimechongoka,
na bango: SEMINA YA KUREJESHA MAADILI.
Alikuwa na moto, hilo simnyimi.
"Mbukwenyi!" akaitoa kwa uangalifu,
kama aliyeibeba tangu stendi asiimwage.
Akatupigisha makofi, pasha, pasha, pasha,
akatueleza ubaya wa kuiba,
ubaya wa kulewa kabla jua halijapanda,
akachora mti, mizizi akaiita uaminifu.
Watu ishirini na watatu wakautazama mti,
vidole vyao vina zambarau isiyosikia sabuni.

Mbeleje akainua mkono.
"Mwaka juzi mzani wenu ulikosea,
ukanihesabia kilo arobaini zisizo zangu.
Nilimfuata mpimaji kwa miguu, nikamwambia futa.
Akafuta.
Zangu za kweli hazijalipwa mpaka leo.
Sasa haya mnayorejesha mliyaokota wapi?
Yangu sijayapoteza.
Kilichopotea ni kingine.
Mkasi wa kupogolea umening'inia ukutani.
Alfajiri naamka, nautazama,
nalala tena."

Nikakitazama kidole changu, kile cha kufutia.

Kumbe mtu anaweza kunyooka kama nguzo ya shamba,
asidokoe hata punje ya jirani,
na ndani yake pasiwe na mkono wa kunyanyua jembe.
Kurudisha kilo za watu, hayo ni maadili.
Kuamka ukazitafute zako,
hiyo ndiyo niliyoifuta.

Bwana Lwitiko alicheka vizuri.
"Swali zuri! Mama apigiwe makofi ya kilo!"
Tukapiga. Mbeleje naye akapiga, kwa adabu.

Jioni ikapita karatasi ya posho.
Tulisaini ishirini na watatu.
Nakala ilipofika kwenye faili langu
majina yalikuwa arobaini,
na yale kumi na saba ya mwisho
yameandikwa kwa mwandiko mmoja mchangamfu,
wenye mikia mirefu, usiochoka,
mwandiko wenye morali tele.

Usiku nikaandika barua nyingine.
Neno la Ndahani nikalirudisha na matope yake.
Aya ya pili nikaipandisha juu kabisa.
Ile karatasi ya majina nikaibana nyuma kwa pini,
mkono ukitetemeka kidogo, siwafichi.

Asubuhi nilipita kwa Mbeleje nimsomee.
Alikuwa akipepeta uwele, hakuacha.
Alisikiliza mpaka mwisho.
Hakusema ni nzuri, hakusema watalipa.
Aliniuliza tu kama kwetu kuna mafuta ya cherehani,
hata tone moja,
mkasi umeshika kutu.