Mifuko Sitini

Mheshimiwa Mhandisi, umeuliza kwa barua
saruji ya gati imekwenda wapi.
Barua yako ilisafiri siku kumi na tisa,
imefika imelowa pembe moja. Naijibu.

Mifuko ilikuwa sitini. Tuliinunua Igoma,
mimi nikihesabu, na Mafuru, mweka hazina,
akihesabu nyuma yangu, maana hatuaminiani,
na hilo limetusaidia sana.
Dukani mfuko ulikuwa na bei yake.
Uliposhuka kwenye lori pale Mwaloni ukapata nyingine.
Ulipofika Nansio ulikuwa mtoto wa tajiri:
haubebwi bila malipo, haulali bila mlinzi.

Kivuko cha kuja kwetu kilikuwa kimepumzishwa.
Ndivyo lilivyosema tangazo: kimepumzishwa.
Kuna chuma ndani ya injini, kama ngumi ya mtoto,
kimekatika. Kingine kimeagizwa,
na huko kilikoagizwa nako wameagiza.
Siku ya nne nililijua tangazo kwa moyo, kama sala.
Siku ya tisa mbuzi akalila.

Tukakodi mtumbwi wa Chirangi wa kubebea dagaa.
Mifuko ishirini kwa safari, safari tatu,
maji yamebakiza vidole vinne kufika ukingoni.
Nilivua kanga ya juu nikaifunika saruji,
mimi nikalowa. Sikudai posho ya kulowa.

Sasa nisikilize hapa.
Saruji ya kujengea gati ilihitaji gati la kushukia.
Wanaume wakaingia majini mpaka kifuani,
mfuko kichwani, kama tunavyopokea kila kitu:
wagonjwa, mashine ya kusaga, godoro la bibi harusi,
jeneza la mwalimu Magesa aliyerudi kuzikwa kwao.
Chini kuna mawe yenye utelezi, tunayafahamu kwa majina.
Mifuko saba ilianguka. Andika: saba, ziwa.

Iliyobaki tukaipanga juu ya magogo, tukaitandikia turubai.
Fundi alikuwa Mwanza, anasubiri kivuko.
Nondo zilikuwa Nansio, zinasubiri kivuko.
Kokoto tu zilikuwepo, Mungu alizileta mapema.
Mvua haikusubiri kivuko.

Usiku kucha turubai lilipiga makofi.
Asubuhi Nyanjura, mkunga wetu,
akabonyeza mfuko kwa kidole, kisha kwa kisigino,
kisha akaupiga mchi.
Mchi ndio uliolia.

Kumi na miwili ya katikati ilipona,
imesakafia chumba cha kujifungulia, risiti ninayo.
Arobaini na mmoja iliganda.
Mafuru amehesabu mara mbili, ya pili akiwa na machozi.

Hakuna aliyetoa amri.
Bwire, wa darasa la tano, aliusukumia mmoja majini
apate pa kukalia akivua. Mama yake
akausimamia kuchota maji, akarudi nyumbani na miguu mikavu.
Jumapili yake kisiwa kizima kilikuwa kikiviringisha mifuko.

Kwa hiyo saruji ya gati, Mheshimiwa, iko gatini.
Si gati la mchoro wako. Limepinda kushoto
kukwepa lile jiwe tunaloliita Mkwe.
Juzi Nyanjura alimsindikiza mwenye uchungu mpaka mtumbwini,
wote wawili wamevaa viatu.
Mfuko wa tatu kutoka mwisho unacheza, uukanyage pembeni.
Kwenye wa nne karatasi haijabanduka,
ziwa likitulia unasoma chini ya maji:
Hifadhi mahali pakavu.

Tunaomba mifuko mingine sitini.
Ila safari hii, tafadhali,
kitangulie kile chuma.