Anayesema Basi

Saa nane usiku, maabara ya Arua.
Jenereta imekohoa mara mbili, ikakubali.
Mbele yangu damu ya dada yangu
ndani ya kichupa, jina lake kwa mwandiko wangu:
Candiru, miaka thelathini na minne,
muuza simsim.
Vidole vimevimba, hawezi kufunga fundo la mfuko.

Jana aliniuliza: ni mdudu gani?
Nikasema hakuna mdudu.
Akacheka kidogo.
"Sasa nani ananipiga?"

Nitamwelezaje?
Kwamba mlangoni pa kila seli
protini imeshika kipande cha yaliyomo ndani,
kama msafiri pale Vurra
anavyoinua kitambulisho juu ya vichwa vya foleni.
Walinzi hupita, hupapasa, huenda zao.
Akipatikana mgeni hakuna tarumbeta.
Ni protini tu, ndogo,
inaachiwa kwenye damu kama neno,
na neno likikuta sikio lililochongwa kwa ajili yake,
sikio hujikunja,
habari hupokezwa mkono kwa mkono hadi kwenye kiini,
jeni iliyolala huamshwa
nayo huagiza maneno mengine, mengi zaidi.
Ndiyo homa. Ndiyo baridi ile chini ya blanketi mbili,
mimi na yeye kitanda kimoja,
meno yakigongana, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Lakini ipo protini nyingine
isiyotajwa redioni.
Huja nyuma ya ghasia na kusema: basi.
Basi, amekwisha.
Basi, huyu ni wa kwetu.

Kwa Candiru neno hilo limechelewa,
au limefika likakuta masikio yamezibwa.
Walinzi wamezisoma karatasi zake,
picha ni yake, jina ni lake,
jina lenyewe maana yake taabu,
alipewa kabla hajaiona.
Wakasema: mgeni.

Vishimo tisini na sita vya sahani
vinageuka manjano, kimoja kimoja.
Chake kimewatangulia wote,
manjano nzito.
Naandika namba. Nafuta. Naandika ileile.

Kukicha nitapita sokoni na vidonge
vya kuwanong'oneza walinzi.
Vitachukua wiki, pengine miezi.
Nami leo sina cha kuamuru ndani ya mwili wa mtu.
Nitaketi kwenye kibao chake,
nitamfungia mifuko ya simsim,
fundo baada ya fundo,
mpaka mwenyewe aseme basi.