Fundo la Mkanda

Wanamuuliza Jairo akishuka jukwaani,
shati limemganda mgongoni:
nani alikufunza kuchelewa hivyo,
kuiacha sauti ipite mlangoni kwanza
ndipo uishike mkia?

Huwatajia redio ya jirani, ile ya mbao,
iliyonasa Kongo usiku usio na mvua.
Humtaja mpiga nyatiti wa Nyalenda,
na santuri mbili za jazi
alizopewa na padri Mholanzi, moja ina ufa.

Kweli. Ila si kweli yote.

Mimi dada yake nilikuwepo.
Kaloleni, chumba kimoja, pazia la kitenge katikati,
mama yetu Kageha akishona sare za watoto wa watu
kwa cherehani ambayo mkanda wake ulikatika
mwaka wa njaa, akaufunga fundo.
Kila fundo lilipopanda gurudumu
mashine ilishikwa na kwikwi:
tiki tiki tiki, kimya, ti.
Tiki tiki tiki, kimya, ti.
Tulilala humo. Tuliota humo.

Gitaa la kwanza lilikuwa debe la mafuta ya kupikia,
shingo ya mpera, nyuzi za breki ya baiskeli,
baiskeli ya nani tusiulizane.
Mimi nilipewa chupa ya soda na msumari.
“Gonga sawasawa,” akasema, kanizidi miaka mitatu tu.
Nikagonga nilichokijua: tiki tiki tiki,
nikangoja fundo lipite.
Hakunikaripia.
Aliinama, akatia kidole
palepale penye pengo,
akalijaza nusu.

Leo anapiga kwa gumba na shahada, kama wazee wa Maragoli,
lakini mkono wa kushoto umesafiri,
unachuma sauti zilizopinda, chungu kidogo,
kama mnavu wa siku ya kwanza
kabla haujalala na maziwa.
Wajuzi wana jina lao la hayo. Waache nalo.

Alipolipwa mara ya kwanza, hoteli moja ya Nakuru,
alirudi na mkanda mpya wa ngozi,
akaufunga mwenyewe, akaupaka mafuta.
Cherehani ikateleza kama maji.
Mama alishona siku mbili.
Ya tatu tulimkuta ameketi,
mguu juu ya kanyagio, kitambaa mapajani,
kola ya mtoto wa watu imekwenda upande.

“Inanikimbiza,” akasema.