Timazi

Meno ya mbwa hayaumani, ndivyo wasemavyo.
Basi mimi si mbwa.
Yangu yanaumana usiku kucha,
mdogo wangu Katungu hunitikisa bega gizani:
"Unatafuna nini, Kavugho? Mahindi makavu?"
Natafuna Kavugho.

Jino la mbele limemkalia mwenzake mapajani
kama mgeni aliyekuja kwa matanga akahamia.
Chonge imeota juu kabisa, ufizini,
mtoto aliyekosa benchi, akasimama dirishani.
Na nikifunga kinywa, pande zote ni hewa:
gego moja tu la kulia hukutana na jirani yake,
hilo moja linasaga kazi ya wote.

Shuleni kule Mabanga waliniita Makoro,
kwa yale mawe meusi ya volkano
yanayokula viatu vya mji mzima.
Nikajifunza kucheka na kiganja.
Katika picha zangu zote nina mkono mdomoni,
utadhani kila siku naletewa habari ya msiba.

Lakini aibu haitoi damu.
Iliyotoa damu ni fizi:
asubuhi, mate mekundu kwenye karai,
na mama akiyamwaga haraka kabla baba hajatoka.
Sombe ililala mle, kati ya jino na jino,
mswaki ukipita juu kama tajiri apitaye Birere
na vioo vimefungwa.
Kisha harufu.
Kisha kichwa, upande wa sikio.
Nilinunuliwa dawa ya malaria mara mbili.

Munganga Rusimbi wa Katindo
alinipa karatasi ya buluu, akasema ng'ata.
Ikabaki nukta moja.
"Mzigo wote unashukia hapa. Gego limelika, tayari lina ufa.
Na hapa palipobanana, chakula kinajificha,
kinageuka ugaga,
ufizi unavimba, unarudi nyuma,
jino linabaki shingo wazi."
Hakuniuliza kama tuna sabuni nyumbani.
Nyaya za kunyoosha zipo, akasema, akataja bei.
Baba akakohoa.

Baba yangu, Paluku, anajenga kuta za makoro.
Hajawahi kushika mawe mawili yanayofanana.
Aliiomba ile karatasi, akaigeuza kwenye mwanga.
"Kumbe ni jiwe moja linabeba paa zima.
Ukuta wa hivyo hauanguki leo.
Unapasukia ndani."
Munganga akaacha kuandika, akamtazama.

Nyumbani alitoa timazi mfukoni,
akaining'iniza mbele ya uso wangu
mpaka risasi ikatulia kidevuni.
"Fungua."
Nikafungua. Bila kiganja.
Alitazama kwa muda mrefu
kama anavyotazama ukuta uliojengwa na fundi mwingine.
Kidole chake kigumu, cheupe kwa simenti,
kikaenda hadi karibu na chonge, kikarudi.
"Pesa ya nyaya hatuna," akasema.
"Lakini mwanya haufagiliwi kwa ufagio mpana."

Sasa kila usiku ni uzi.
Naupitisha jino kwa jino, nikizunguka kona,
kama kibarua achokoaye udongo kati ya mawe
kabla simenti haijamwagwa.
Wiki ya kwanza ulitoka mwekundu.
Ya tatu, rangi ya waridi.
Jana ulitoka mweupe, nikamwita Katungu aje aone.
Akaona uzi.

Jino bado limemkalia mwenzake.
Gego bado lina ufa wake, na nikilala
nang'ata kipande cha plastiki nilichochongewa na munganga,
Katungu anasema sasa natafuna kimyakimya.
Baba naye ameanza kutia dola mbili mbili
ndani ya kopo la rangi juu ya kabati.
Anasema ni za bati.
Sote tunajua nyumba ina bati.